Shemeji yangu ana ualbino, kababuka na jua akianika dagaa Katonga. Ana homa na anatapika, nifanyeje usiku huu?

Mkwe wa Ujiji (mleta uzi), Jumamosi saa 2:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Naomba msaada wa haraka, matusi niwekeeni akiba.

Mdogo wa mke wangu, kijana wa miaka 17, ana ualbino. Leo katoka alfajiri kwenda Katonga kumsaidia bibi yao kuanika dagaa. Wa Kigoma mnaijua kazi ile, mitumbwi ikirudi na mzigo hakuna wa kusema anapumzika. Mnatandaza, mnageuza, mnafukuza kunguru. Alivaa kepu na fulana ya mikono mifupi. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, anasema hakusikia jua kumchoma hata kidogo.

Karudi jioni mwekundu shingoni, masikioni, mikononi kuanzia kwenye kiwiko, na juu ya miguu palipoachwa wazi na kandambili. Sasa hivi mikono imeanza kutoka malengelenge. Ukisogeza kiganja shingoni kwake unasikia joto kabla hujamgusa. Kichwa kinamgonga, katapika mara mbili, anatetemeka baridi huku mwili unachemka. Kipimajoto cha jirani kinasoma 38.7.

Mama mkwe anataka tumpake mawese. Duka la dawa la mtaani wamenipa dawa mseto bila kupima, eti homa ya Kigoma ni malaria tu. Mke wangu anasema twende hospitali, kijana mwenyewe anasema tumwache alale. Malengelenge tuyapasue au tuyaache?

Kibirizi Damu

Pole sana mkuu. Lakini mlimruhusuje albino kushinda juani mwezi wa kumi? Huu mwezi jua linapita utosini kabisa hapa Kigoma.

Mkwe wa Ujiji

Hakuomba ruhusa, kaenda kwa bibi yake kama mjukuu yeyote. Hatumfungii ndani. Naomba tujadili tiba.

Mnyamwezi wa Sikonge

Mkuu, paka asali mbichi ya mizinga ya magome. Huku Tabora kidonda cha moto tunatibu hivyo tangu mababu. Kama hapo hakuna, limau na chumvi kidogo, inakata sumu ya jua.

Mama Watatu

Limau kwenye ngozi iliyoungua?! Huyo mtoto atakimbia hadi Mwanga. Dawa ya meno ndiyo inapoza.

Tabibu wa Kata

Mleta uzi, usipake chochote kwanza. Nijibu haya haraka:

Anajua yuko wapi na anaongea vitu vinavyoeleweka? Akisimama anapepesuka? Mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini, na mkojo una rangi gani? Akinywa maji yanakaa tumboni? Kuna dawa yoyote anayotumia siku hizi?

Akiwa anaweweseka, amepata degedege, hajitambui vizuri, au joto limefika 40, funga simu umpeleke hospitali ya Maweni sasa hivi. Huko ndiko kupigwa na jua kwenyewe, na mtu anaweza kufa. Mloweshe maji, mpepee, na njiani endelea kumlowesha, hata ndani ya bajaji. Na asiyejitambua hanyweshwi kitu mdomoni.

Mkwe wa Ujiji

Anaongea vizuri, kanitania hata kuhusu mpira. Kizunguzungu kidogo akisimama. Kakojoa saa nane mchana, anasema ulikuwa wa njano iliyokolea. Mchana kutwa kanywa chupa moja ya maji na soda.

Dawa: anatumia doksi kwa ajili ya chunusi, kanunua mwenyewe dukani.

Tabibu wa Kata

Hapo kwenye doksi ndipo nilipokuwa napatafuta. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue na jua upesi zaidi, hata ngozi nyeusi kama yangu. Zipo nyingine zenye tabia hiyo, Septrin na griseofulvin ya fangasi zikiwemo. Kwa mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya melanini (ile rangi ya asili ya ngozi), hiyo ni kumwagia petroli kwenye moto. Asimeze nyingine mpaka aonwe na daktari.

Usiku huu, kama hali ni hiyo uliyoeleza:

Mketishe penye hewa, vua nguo zote zinazobana. Chovya kanga safi kwenye maji ya kawaida ya ndoo, mfunike palipoungua dakika 15, toa, chovya tena. Rudieni usiku kucha kila joto linapopanda. Barafu hapana, ngozi iliyoungua ikigandishwa inaumia mara ya pili. Akianza kutetemeka sana punguza, usimkomoe.

Maji ya kunywa ndiyo makubwa kuliko vyote. Pakiti ya ORS (ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji safi. Ukikosa, lita moja hiyo hiyo, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Asigugumie. Akitapika msubiri dakika 10, kisha anywe funda moja moja. Unatafuta mkojo uwe mwepesi, hicho ndicho kipimo chako cha usiku.

Maumivu: paracetamol. Ibuprofen inafaa zaidi kwa ngozi iliyoungua na jua, hasa siku ya kwanza, lakini mtu aliyekaukiwa maji inaweza kumuumiza figo, na mwenye vidonda vya tumbo haimfai. Kwa hiyo isubiri mpaka awe anakojoa vizuri na amekula. Aspirini usimpe, umri wake bado. Na mjue kuwa paracetamol haitibu kupigwa na jua. Mtu wa nyuzi 40 anapozwa kwa maji.

Malengelenge msiyapasue. Ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora mliyonayo. Likipasuka lenyewe, safisha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, funika na shashi safi.

Dawa mseto weka kabatini. Kuungua na jua kwenyewe kunaleta homa na baridi, ila kwa Kigoma malaria siwezi kuifuta kwa mdomo. Kesho asubuhi apimwe kwa kipimo cha haraka, kidole tu. Akizidiwa kabla ya hapo msisubiri kuche.

Mnyamwezi wa Sikonge

Tabibu, asali je? Usitudharau.

Tabibu wa Kata

Siidharau, hospitali zipo zinazofungia vidonda kwa asali iliyosafishwa. Ya kwenye kopo la jikoni ina nta, mabawa ya nyuki na mengine unayoyajua mwenyewe. Mwekee kwenye uji. Limau ndilo sitaki kulisikia. Maji ya limau yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi inaungua upya na kuacha mabaka meusi kwa wiki nyingi. Dawa ya meno inakausha na kuwasha. Mawese yanafungia joto ndani, na kesho nitakayemsafisha ni mimi au mwenzangu, huku kijana analia.

Kibirizi Damu

Nimesoma na kuchukua. Mimi mweusi tii na niliwahi kubabuka mgongo nikivua upande wa Kalya, hakuna aliyeniamini. Eti mweusi haungui.

Tabibu wa Kata

Anaungua, ila wekundu hauonekani. Utasikia ngozi imebana, ina joto, shati likigusa unaruka, halafu baada ya siku kadhaa inachunika.

Mkwe wa Ujiji, Jumapili saa 4:15 asubuhi

Mrejesho. Tulikesha na kanga na ndoo, mimi na mke wangu kwa zamu. ORS lita mbili zimeingia, kutapika kulikoma kama saa sita. Kakojoa alfajiri, mwepesi. Joto 37.6.

Lakini ngozi imekuwa mbaya kuliko jana! Uso umevimba, kope zimejaa, malengelenge ya mikononi yameungana. Tupo kituo cha afya. Malaria hana.

Tabibu wa Kata

Hongereni. Usishtuke, kuungua na jua hufika kileleni baada ya muda wa saa 12 hadi 24, kwa hiyo cha jana jioni kilikuwa mwanzo tu. Ila eneo kubwa likiwa na malengelenge, na uso umevimba hivyo, kituoni ndiyo mahali pake. Wakague na macho, jua linayaunguza pia.

Mkwe wa Ujiji, Jumapili mchana

Tumerudi. Macho salama. Wamesafisha, wamefunga shashi yenye mafuta, ibuprofen baada ya chakula, doksi imesimamishwa, turudi keshokutwa. Sasa mama mkwe ananiuliza swali nimekosa jibu: kama mawese ni mabaya, mbona hospitali wamempaka mafuta?

Tabibu wa Kata

Shikamoo yake mfikishie, ni swali la mtu anayefikiri. Jana ngozi ilikuwa bado ina moto, leo imepozwa. Shashi ile imetakaswa, na mafuta yake kazi yake ni isigande kwenye kidonda mkija kuibandua. Mawese yake ayapikie maharage mgonjwa ale.

Mama Albi Kasulu

Nimechelewa kuuona uzi. Binti yangu ana ualbino, yuko darasa la sita. Mkuu, ulizeni kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino kuhusu Kilisun, losheni ya kukinga jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yao. Wenye ualbino wanapewa bure. Usinunue losheni yoyote tu dukani ukadhani inakinga jua, nyingi ni za kulainisha, na za kung'arisha ndizo sumu kabisa kwake.

Inapakwa kabla hajatoka, kisha kila baada ya saa mbili, na akitoka jasho au kunawa inarudiwa. Watu wanasahau masikio, kisogo, midomo na juu ya miguu. Angalia alipoungua shemeji yako, ni palepale.

Na losheni siyo ruhusa ya kushinda juani. Mawingu hayazuii, na mchanga unarudisha jua usoni kutoka chini, kwa hiyo hata mwavuli peke yake hautoshi. Mikono mirefu, kitambaa kilichoshonana. Baadaye, kidonda au kigaga kisichopona mwezi mzima apelekwe kuangaliwa, saratani ya ngozi kwao huanza kidogo hivyo hivyo.

Mkwe wa Ujiji

Asante sana mama. Shida ni kwamba dagaa ndiyo ada yake ya shule, hawezi kuacha.

Mama Albi Kasulu

Asiache, abadilishe zamu. Kupokea mzigo alfajiri, kupima, kuandika hesabu, kufungasha kibandani. Kuanzia saa tatu mpaka saa kumi kugeuza wageuze wengine. Na ile kepu mpeni mwingine, haifuniki masikio. Mtafutie pama la ukindu, lenye ukingo mpana pande zote.

Kibirizi Damu

Pama nitaliulizia sokoni kesho asubuhi. Kichwa chake kikubwa au cha kawaida?

Mkwe wa Ujiji

Kikubwa mkuu. Kama cha dada yake, ila usimwambie.