Uzi wa malalamiko: Nimechoka kusikia wasanifu wa miaka ya 60 wakiitwa wahuni wa disko na bangi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika mara mbili nikaufuta kwa sababu ya hasira. Leo hasira bado ipo, ila angalau naweza kukaa nikaandika.

Nimesoma usanifu majengo. Chuo sikitaji, na walimu siwataji. Mada yangu ya mwaka wa mwisho ilikuwa wasanifu wa Marekani na Ulaya wa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa 1970, walioweka kando kuchora nyumba wakaanza kubuni matukio: sauti, mwanga, filamu, slaidi na watu, vyote ndani ya nafasi moja. Pamoja na andiko, mimi na wenzangu wanne tulijenga mfano halisi kwenye uwanja wa nyuma ya studio. Siku ya kuwasilisha, jopo lilisimama mlangoni kama dakika nne hivi. Hakuna aliyeingia. Mmoja akaniuliza, "Jengo liko wapi?" Mwingine akasema hii ni kazi ya wapambaji wa harusi, na hao niliowaandika walikuwa wahuni wavuta bangi waliojificha nyuma ya jina la usanifu. Nikapewa alama ya kupita tu, na maoni ya maandishi yalikuwa sentensi moja: mada haihusiani na taaluma.

Miezi saba ya kazi, sentensi moja.

Kinachoniuma kuliko vyote ni mfano wa Florence, Italia. Mwaka wa masomo 1966/67, katika Chuo Kikuu cha Florence, mwalimu wa usanifu Leonardo Savioli aliwapa wanafunzi wake kazi ya kubuni disko. Ndiyo, disko, ndiyo ilikuwa kazi ya darasa! Alikuwa anatafuta nafasi inayomvuta mtu ashiriki, mtu ambaye akiingia na kusogea, chumba nacho kinabadilika. Italia wakati ule kumbi za aina hiyo zilikuwa zinafunguliwa moja baada ya nyingine. Ile ya Turin ya 1966 iliyoitwa Piper ilibuniwa na msanifu Pietro Derossi na wenzake, ikiwa na viti na majukwaa ya kuhamishika, ili usiku mmoja uwe muziki, usiku mwingine maigizo, mwingine maonyesho ya sanaa. Mwalimu mwenye akili akaona kuna somo pale, akalipeleka darasani. Hakusimama mlangoni.

Na hao vijana wa Florence hawakuishia kwenye karatasi. Kundi lililojiita 9999, wote wasanifu, mwaka 1969 walifungua disko lao, Space Electronic, ndani ya jengo lililokuwa karakana ya kutengeneza injini. Darini wakaning'iniza parachuti. Viti vingine vilikuwa mapipa ya ndani ya mashine za kufulia. Kuta zikageuzwa skrini za projekta. Kisha Novemba 1971, wakiwa na wenzao wa Superstudio, kundi jingine la wasanifu wa Florence, wakafanya tamasha la siku tatu, wakapanda bustani ya mboga humo humo ndani ya disko na sehemu ya chini wakaijaza maji ikawa ziwa. Mwaka uliofuata jumba la makumbusho la MoMA la New York lilifanya maonyesho makubwa ya ubunifu wa Italia, na 9999 wakawa miongoni mwa washindi wa shindano la wabunifu vijana. Kazi iliyowapa ushindi ni chumba cha kulala chenye bustani ya mboga. Wakuu, wazo lile la disko! Lilipimwa kwanza kwenye tukio la siku tatu, likaishia New York. Sasa niambieni, hayo "hayahusiani na taaluma" kwa vipi?

Nije kwa Ant Farm, maana hao ndio tuliowafuata kwa vitendo. Chip Lord na Doug Michels, mmoja kasoma usanifu Tulane, mwingine Yale, walianzisha kundi hilo San Francisco mwaka 1968. Wakaanza kutengeneza majengo ya nailoni yanayosimama kwa hewa ya feni, wakizunguka nayo kwenye vyuo na matamasha. Moja lilikuwa mraba wa futi 50 kila upande. Mwaka 1971 wakatoa kijitabu cha maelekezo ya namna ya kuyajenga, ili yeyote mwenye nailoni, gundi ya utepe na feni aweze kujenga. Yaani msanifu anampa mwananchi ujuzi aondoke nao. Miaka mitano chuoni sijawahi kufundishwa jambo lenye heshima kwa mtu wa kawaida kama hilo.

Naomba niwaeleze jinsi puto letu, yaani ule mfano wa nyuma ya studio, lilivyojengwa, maana waliosema ni mapambo hawakuona kazi yenyewe. Tulinunua nailoni ya vitalu nyumba, ile nyeupe inayopitisha mwanga. Unalaza vipande viwili, unaweka karatasi ya kuokea juu ya ukingo, unapitisha pasi polepole. Ukizubaa sekunde mbili nailoni inayeyuka na kutoboka, ukiharakisha haishiki. Mishono yetu ilikuwa zaidi ya mita 60, na kila mita tuliipima kwa kuivuta kwa mikono. Tulitoboa, tukaziba, tukatoboa tena. Feni mbili za kusimama zilipuliza hewa kupitia mirija miwili ya nailoni. Mlango ilibidi uwe wa tabaka mbili, kwa sababu hewa ikitoka kwa kasi kuliko inavyoingia, paa linakushukia kichwani. Hiyo ni hesabu. Mchana joto la ndani halivumiliki, kwa hiyo tulilazimika kufikiria saa, kivuli cha mwembe na upepo wa jioni unatoka upande gani. Hayo yote ndiyo wanayotufundisha darasani kwa maneno, na hapa tuliyashika kwa mikono.

Usiku wa majaribio tulirusha slaidi kutoka nje, picha zikatua kwenye ngozi ya puto ukiwa ndani, pande zote na juu. Sauti ilikuwa mvua ya kwenye bati tuliyoirekodi wenyewe. Mlinzi wa zamu, mzee wa makamo, akaja kuangalia kuna nini. Akasema, "Wanangu, hii inaingiwa?" Akavua viatu bila kuambiwa, akaingia, akakaa chini katikati. Hakusema kitu. Alikaa karibu nusu saa, na alipotoka akauliza kama kesho itakuwepo tena, amlete mkewe.

Kesho yake jopo likaja, mengine mnayajua. Kesho kutwa asubuhi tulikuta puto limekatwa kwa kisu kutoka juu hadi chini na kutupwa karibu na jalala. Tuliambiwa uwanja ulihitajika.

Najua hoja yao kubwa, nimeisikia mara nyingi: tukio likiisha hakuna kitu kinachobaki, na usanifu ni kitu kinachobaki. Hoja hii inanitia hasira kwa sababu wao wenyewe wanafundisha banda la kampuni ya Philips la maonyesho ya dunia ya Brussels ya 1958, lililobuniwa na ofisi ya msanifu mashuhuri Le Corbusier. Lilikuwa banda, kama mabanda ya Sabasaba. Ndani kulikuwa na onyesho la dakika nane la picha, rangi na muziki wa Edgard Varèse kupitia spika zaidi ya 300 zilizopachikwa kwenye kuta zilizopinda. Januari 1959 likabomolewa. Halipo! Mbona hilo linaingia kwenye mtihani? Ni kwa sababu lina jina la mkubwa. Na hata hapo hawawaambii wanafunzi kwamba umbo lile, zile kuta za vibamba vyembamba vya zege vilivyoshikwa na nyaya, lilitoka mikononi mwa Iannis Xenakis, mkimbizi wa Kigiriki aliyekuwa mhandisi na mtunzi wa muziki ndani ya ofisi ile, na kwamba ilibidi apambane ili jina lake litajwe. Aliyewahi kuchora ramani usiku kucha ofisini kwa mtu halafu akaona muhuri wa bosi peke yake, ananielewa hapa.

Na kuhusu "hakibaki kitu": mwaka 1968 kijana wa miaka 22, John Storyk, alibuni ukumbi wa New York ulioitwa Cerebrum. Wageni walivaa majoho meupe na kukaa kwenye majukwaa yenye zulia huku picha na sauti vikiwazunguka. Ukumbi haukudumu. Lakini mpiga gitaa Jimi Hendrix alifika pale, akaipenda kazi, akamtafuta aliyeibuni, na kutokana na hapo Storyk akabuni studio ya kurekodi ya Electric Lady, iliyofunguliwa Agosti 1970. Mpaka leo inarekodi. Na majengo ya hewa? Banda la Marekani kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970 lilikuwa na paa lililobebwa na hewa, kazi ya mhandisi David Geiger, na miaka mitano baadaye paa la aina hiyo likafunika uwanja wa mpira wa Silverdome kule Michigan. Mambo yaliyochekwa kuwa michezo ya vijana wenye nywele ndefu yalikuwa swali lile lile la uhandisi.

Bangi ilikuwepo. Sikatai, na hata kwenye andiko niliandika. Tamasha la Trips la San Francisco, Januari 1966, LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone maruweruwe, ilikuwa sehemu yake wazi kabisa. Ila msinichanganyie. Lawrence Halprin, mbunifu wa mandhari, pamoja na mkewe Anna, mcheza dansi, kuanzia mwaka huo huo wa 1966 waliwakusanya wasanifu, wacheza dansi na wanafunzi pwani ya California, wakawatembeza wakiwa wamefungwa macho, kisha wakajenga kijiji kwa magogo yaliyotupwa na bahari. Walikuwa wanajifunza kusikia mahali kwa mwili kabla ya kushika penseli. Baadaye Halprin aliitumia njia hiyo kuwashirikisha wananchi katika mipango ya miji yao. Sisi tunapewa kiwanja cha mazoezi ambacho hatujawahi kukanyaga, tunachora kutoka kwenye picha ya setilaiti.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ameuliza kwa nini sikukata rufaa. Nilikata. Barua ilipokelewa, nina nakala yenye muhuri, huu ni mwezi wa tano tangu hapo na sina jibu. Na mkuu aliyesema niachane na mambo ya Wazungu nichore nyumba za watu nipate hela: ramani nachora kila siku, ndiyo inayonilisha. Sijaomba kuacha. Nimeomba kazi yangu isomwe na mtu aliyeingia ndani.

Mlinzi yule nilikutana naye wiki iliyopita, nikamwamkia, jambo la kwanza akaniuliza lini tunalisimamisha tena, mkewe bado hajaliona. Kwa hiyo tunalijenga upya. Pasi tunazo, nailoni tumeshanunua nusu, feni moja imekufa. Mwenye uwanja Dar usiopungua mita 15 kwa 15, wenye umeme na kivuli cha jioni, aje PM (ujumbe wa faragha). Mwenye projekta ya slaidi ya zamani inayowaka, naye pia.