Jiwe la sabuni kwa kaunta: la kijivu, la kijani au lenye mishipa?

Nuru_J
Wakuu, naomba ushauri. Nina sampuli tatu za jiwe la sabuni: ya kijivu hafifu, ya kijani, na ya kijivu yenye mishipa myeupe. Zikiwa kavu zote ni kama zimepakwa vumbi la chaki. Nasikia mafuta hubadilisha kila kitu. Ipi inapendeza zaidi ikishapakwa?

Patasi
Usichague jiwe likiwa kavu. Lowesha nusu ya kila kipande kwa maji. Rangi utakayoiona ndiyo karibu ile ya mafuta. Kijani hukolea hadi karibu na weusi, ukijani wake unauona mwanga ukilipiga kwa ubavu. Lenye mishipa ndilo nilipendalo: jiwe lenyewe hugeuka rangi ya makaa, na vijishipa usivyovijua vinajitokeza. La kijivu hafifu mara nyingi hukolea kidogo tu.

Msasa60
Angalia na ugumu. Talki, yale madini laini sana yaliyomo ndani, ndiyo hulainisha jiwe hili, na lile la wachongaji huwa na talki nyingi mno kwa kaunta. Kwaruza kila sampuli kwa ukucha upande wa chini. Mchubuko mdogo usikutishe: msasa laini, mafuta tena, haupo.

Nuru_J
Nisipopaka je? Litanyonya madoa?

MamaWawili
Halinyonyi, dada. Mafuta ni ya sura tu, si kinga. Langu niliacha hivyohivyo miaka miwili. Karibu na jiko likawa jeusi kwa mafuta ya kupikia, kwingine likabaki na kijivu chake, na katikati alama ya duara ya sufuria. Mabaka yale yalinikera sana, nikalipaka lote. Tumia mafuta ya madini yasiyo na harufu. Ya kupikia huchacha na kunata. Paka, acha nusu saa, futa yaliyobaki. Mwanzoni litapauka upesi, hasa kandokando ya sinki, urudie. Baadaye unapaka kwa nadra.

Patasi
Ukichanganya na nta ya nyuki hudumu zaidi. Na kwa lile lenye mishipa, dondoshea ndimu juu ya mshipa kwanza. Mishipa ya kalisiti (madini ya chokaa) huliwa na asidi hata kama jiwe lenyewe halidhuriki.

Nuru_J
Nimelowesha. La kijani limekuwa kama maji ya kisima kirefu, sikutegemea kabisa. La mishipa ni zuri, lakini ndimu imeacha alama. Nachukua la kijani.