Mnawaibia mara ya pili: malalamiko kuhusu "ada ya uhakiki" inayodaiwa kabla ya kutoa fedha za kripto

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hiyo. Tangu mtandao mmoja wa "biashara ya kripto" uliosambazwa sana katika makundi ya WhatsApp na Telegramu hapa Kampala ufunge utoaji wa fedha kwa kisingizio cha kuboresha mfumo, watu wanafika kibandani kwangu kuweka fedha kwenye laini zao ili walipe kitu kinachoitwa "ada ya uhakiki". Wanalipa ili waruhusiwe kuchukua fedha ambazo wameambiwa kwamba tayari ni zao. Mimi ni wakala wa pesa za simu. Sina mamlaka ya kumzuia mteja kutuma fedha zake anakotaka, na wengi nikiwaambia kibandani wananiona kama mtu mwenye wivu. Basi nasema hapa.

Jina la mtandao huo sitalitaja, kwa sababu baada ya muda mfupi utakuwa na jina jingine na nembo nyingine, na aliyekariri jina pekee atanaswa tena. Nataka tuutazame utaratibu wenyewe, ambao haubadiliki.

Anza na swali ambalo kila aliyedaiwa ada anapaswa kumuuliza anayemdai: ikiwa akaunti yangu ina dola 2,000 na ninyi mnanidai dola 150, kwa nini msikate hizo 150 mkanipa 1,850? Hakuna hata mmoja wao atakayekujibu kwa maneno yanayoeleweka. Watakuambia mfumo hauruhusu, salio limefungwa na kompyuta, sheria za kimataifa zinakataza. Jibu la kweli ni kwamba hakuna dola 2,000. Ile ni namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wao, na wanaweza kuandika yoyote wanayotaka, hata milioni moja, bila kuwagharimu senti.

Sisi watu wa Uganda hatuna kisingizio cha kutolielewa jambo hili, maana tunakatwa kila siku. Ule ushuru wa pesa za simu uliozua maandamano mwaka 2018 ulipoanza kwa asilimia 1, na ambao baadaye ulishushwa hadi asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa, hukatwa kwenye salio lako palepale unapotoa. Sijawahi kumwona mteja akiambiwa alete ushuru huo mkononi kwanza ndipo laini yake ifunguliwe. Benki nayo ikikulipa riba, hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla riba haijakufikia. Mwenye fedha zako mkononi hana haja ya kukuomba nyingine ili akate chake.

Kwa hiyo yule mzee mstaafu wa jeshi aliyekuja kwangu na ujumbe unaosema anadaiwa "kodi ya faida" na kwamba kodi hiyo itapelekwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, nilimwomba aniruhusu niusome mbele yake polepole. Nilimwambia, "Afande, kodi ya URA hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa URA wenyewe, kisha fedha zinaingia benki kwa jina la URA. Hapa unaambiwa utume USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola, kwenye anwani ya pochi, yaani mkoba wa kidijitali wa kuhifadhia kripto. Ofisa gani wa kodi anakusanya mapato ya serikali namna hiyo?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Kijana, lakini walinilipa mara ya kwanza."

Hapo ndipo penye ndoano, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Karibu kila anayekuja kwangu husema maneno hayohayo: walinilipa. Ni kweli walimlipa. Mwanzoni mtu huweka fedha kidogo, akaona faida, akajaribu kutoa dola 20 au 30, zikamfikia bila maswali na bila ada ya uhakiki. Malipo yale madogo hutoka kwenye fedha za walioingia baada yake, na hulipwa kwa makusudi ili yawe ushahidi atakaouonyesha kanisani, msikitini, na kwenye kundi la akiba. Laiti uhakiki ungekuwa sharti halisi la usalama, ungedaiwa siku ya kwanza, kabla hawajapokea hata shilingi. Uhakiki unaozuka siku fedha zako zimekuwa nyingi ndio unaopaswa kukushtua.

Ukilipa ada hiyo, haiishi. Nimeona mfululizo wake kwenye simu za wateja kiasi kwamba sasa nautabiri. Baada ya uhakiki huja kodi. Baada ya kodi, akaunti "inashukiwa kutakatisha fedha" na inahitaji dhamana, ambayo wanaapa itarudishwa pamoja na salio. Kisha unaambiwa uliandika namba ya pochi vibaya, kwa hiyo ulipe faini ya marekebisho. Kisha unatakiwa upande daraja la wateja wakubwa, kwa sababu daraja lako haliruhusu kutoa kiasi hicho. Kila dai lina muda wake wa mwisho, kwa kawaida saa chache, ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu. Na ukilia kwamba huna, "huduma kwa wateja" itakuonea huruma na kujitolea kukukopesha nusu. Kumbukeni kwamba mkopo huo ni namba nyingine tu wanayoiandika kwenye ukurasa, ilhali nusu yako wewe ni fedha halisi, na pengine umeuza mbuzi kuipata.

Sasa niwe mwadilifu, maana wapo watakaokuja kunijibu kwamba hata pochi halali hudai malipo. Kuna ukweli nusu ndani yake, na wezi wanaishi kwa ukweli nusu. Ukihifadhi USDT katika pochi yako binafsi kwenye TRON, mmoja wa mitandao inayosafirisha USDT, utahitaji kiasi kidogo cha TRX, sarafu ya mtandao huo, ili kugharamia muamala. Lakini TRX hiyo, ya thamani ya dola chache tu, unainunua na kuiweka ndani ya pochi yako mwenyewe. Humtumii mtu yeyote ili akufungulie. Soko halali la kripto nalo hukata gharama ya mtandao kwenye kiasi unachotoa, na likitaka kukuhakiki litakuomba picha ya kitambulisho na ya uso wako. Linaweza hata kukuzuia kutoa kwa siku moja au zaidi ukibadilisha nenosiri, na hilo peke yake si dalili ya wizi. Dalili ni pale ufunguo wa kizuizi unapokuwa fedha mpya kutoka mfukoni mwako.

Kwa anayetaka ushahidi wa macho, upo. Miamala ya USDT huandikwa katika daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma bure kwenye intaneti. Kwa mtandao wa TRON tovuti inayotumiwa sana ni Tronscan. Chukua ile anwani uliyopewa uweke fedha, inayoanza na herufi T, iandike pale, kisha tazama fedha zako zilikwenda wapi. Wateja niliowasaidia kutazama waliona fedha zao zikihamishwa kwenda anwani nyingine muda mfupi tu baada ya kufika, huku programu kwenye simu ikiendelea kuwaonyesha salio linalokua kila jioni kwa kazi ya kile wanachokiita roboti ya akili mnemba.

Tena acheni kutubandikia vyeti. Kila mara nikiuliza nani aliwapa ruhusa, naletewa cheti cha usajili wa kampuni kutoka URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Kusajili jina la kampuni si leseni ya kupokea fedha za umma. Hata mwenye duka la viatu ana cheti kama hicho. Wale wanaosema "tumeidhinishwa na Benki Kuu" ndio waongo kabisa, kwa kuwa Benki Kuu ya Uganda, katika waraka wake wa Aprili 2022 kwa watoa huduma za malipo wenye leseni, ilikataza kubadilisha kripto kuwa pesa za simu, na shauri lililofunguliwa kuupinga waraka huo lilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2023. Unaweza kuupenda waraka huo au kuuchukia. Mimi nadhani umewasukuma watu kwa mawakala wa vichochoroni wasio na pa kushtakiwa. Lakini huwezi kuugeuza ukawa idhini.

Wala hatuanzi leo. OneCoin ilipita hapa ikiwaahidi wakulima wetu utajiri, na mwaka 2017 Benki Kuu ilitoa onyo juu yake. Sarafu hiyo haikuwa na daftari halisi la miamala; bei yake ilikuwa namba iliyopangwa na wenyewe, sawasawa na salio la hawa wa leo. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na mwenzake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 nchini Marekani mwaka 2023. Desemba 2019 watu wa Masaka na Kampala walikuta ofisi za kampuni ya Dunamiscoins zimefungwa, baada ya kuahidiwa faida ya asilimia 30. Na Aprili 2025 mtandao wa CBEX, uliowanasa watu Nigeria na Kenya, ulifunga utoaji wa fedha, kisha ukawaambia waathirika wahakiki akaunti: wenye salio chini ya dola 1,000 walipe dola 100, na wenye zaidi walipe 200. Dola 200 wakati huo zilikuwa zaidi ya shilingi laki saba za Uganda. Ukisoma ujumbe unaozunguka Kampala sasa utadhani umenakiliwa kutoka kule na kubadilishwa kiasi tu.

Hasira yangu kubwa, hata hivyo, haielekei kwa hao walioko nyuma ya kompyuta katika nchi nisizozijua. Inaelekea kwenu ninyi viongozi wa timu mnaoishi nasi, mnaoitwa "makochi", mliowakusanya watu hotelini na kupiga nao picha mkiwa mmevaa fulana zenye nembo. Ninyi mlipata asilimia kwa kila mtu mliyemwingiza. Utoaji ulipofungwa mlikuwa wa kwanza kujua, kwa maana nanyi mlijaribu kutoa. Badala ya kusema ukweli, mmeyafunga makundi ili wanachama wasiweze kuandika, mnatuma sauti za "subira, wapendwa", na mnabandika picha za watu waliolipa ada na "kufunguliwa". Anayeuliza anaondolewa kwenye kundi. Mjane anayeuza mboga sokoni alikopa kwenye kundi lake la akiba ili alipe uhakiki kwa sababu kiongozi wake, anayemwita dada, alimhakikishia kwamba yeye mwenyewe amekwisha kulipwa. Nilimwomba dada huyo amwonyeshe mama yule muamala. Hadi leo hajauonyesha.

Na mawakala wenzangu mnaouza USDT chini ya meza, mkijua kabisa mteja anakwenda kulipa ada ya kufungulia akaunti, kamisheni hiyo mnaila vipi?

Kwa wale wanaowacheka waathirika kuwa ni wajinga wasiosoma: FBI ya Marekani iliandikisha hasara ya zaidi ya dola bilioni 5.6 kutokana na udanganyifu unaohusu kripto kwa mwaka 2023 pekee, na sehemu kubwa ilikuwa uwekezaji wa bandia. Kati ya wateja wangu yumo mwalimu na yumo muuguzi. Kejeli zenu zinawafanya wafiche, na anayeficha ndiye anayeendelea kulipa.

Kama umedaiwa ada na bado hujalipa, usilipe, hata wakikutishia kwamba akaunti itafutwa usiku wa leo. Kama umetuma pesa za simu muda mfupi uliopita, piga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu mara moja, kwa sababu uwezekano wa kuzuia upo tu kabla aliyepokea hajazitoa. USDT ikishatoka hairudishwi na mtu yeyote kwa kubonyeza kitufe, lakini anwani zilizopokea zibaki nawe: zinakili pamoja na namba za miamala, namba za simu zilizopokea fedha, majina yaliyotokea kwenye skrini, na mazungumzo yote kabla hawajayafuta. Vipeleke polisi, kitengo cha upelelezi, na udai namba ya jalada. Udanganyifu wa kielektroniki ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kwa hiyo usikubali kuambiwa kaunta kwamba ulicheza kamari ukapoteza. Nendeni wengi kwa pamoja ikiwa mliingizwa na kiongozi mmoja. Malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kusahauliwa mezani.

Ombi kwa wasimamizi wa jukwaa hili: najua kabla ya jioni chini ya uzi huu watajitokeza "wataalamu wa kurejesha kripto" wanaodai kwamba wamemrudishia mtu fedha zake, na watataka malipo ya awali ili waanze kazi. Hao ni walewale au ni ndugu zao, na mara nyingi orodha ya waathirika wameinunua. Naomba mfute majibu yao na mwafungie akaunti. Wengine wote, kama mmepokea ujumbe wa kudai ada wenye maneno tofauti na haya niliyoyaeleza, bandikeni maandishi yake hapa mkifunika majina na namba zenu, ili mwingine akipokea leo aweze kulinganisha kabla hajaja kibandani.