Mji Mkongwe, Bagamoyo au Kilwa kwa mfuko mwembamba?

Mpangaji_Tabata: Habari za asubuhi wakuu. Nataka kutoka kidogo nikapumzishe akili. Nautaka mji wenye historia, nizunguke kwa miguu, nile vizuri, kisha nirudi kazini. Nimebaki na Mji Mkongwe, Bagamoyo na Kilwa. Hali ya mfuko mnaijua wenyewe, msinitajie mahoteli ya watalii. Niende wapi? Chumba nataka nilipie wiki hii.

Kijiweni_Saa12: Ngoja waje wajuzi. Naweka kigoda hapa.

Fundi_Saa: Mleta mada, ya msingi yote umeyaficha. Bajeti kiasi gani, na ni ya kulala tu au na nauli humo humo? Unakwenda lini? Na nani? Unatokea Dar au umepanga tu jina la Tabata?

Mpangaji_Tabata: Dar mkuu. Laki tatu na nusu, kila kitu humo humo.

Fundi_Saa: Nimeuliza lini na nani.

Mwana_Kaole: Bagamoyo, funga mada. Unapanda gari Makumbusho, kilomita hazifiki themanini, pesa ya boti unailia samaki. Una Ngome, una Boma la Wajerumani, una Caravan Serai, una misheni ya Wakatoliki ya 1868, halafu unachukua bodaboda mpaka magofu ya Kaole. Huo ndio uliokuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar 1891. Na Livingstone alifia pale.

Kaskazi77: Livingstone hakufia Bagamoyo, mkuu! Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, 1873, na moyo wake ukazikwa huko huko. Akina Chuma na Susi ndio walioubeba mwili hadi Bagamoyo, ukalala pale misheni kabla ya kuvushwa Unguja.

Mwana_Kaole: Alipita basi. Kufa na kupita, kwa mtalii tofauti yake nini?

Kaskazi77: Tofauti ni kwamba mmoja anatembea.

Baba_Shufaa: Mimi Unguja sina hamu nayo tena, acha niseme. Nilishika chumba kwa simu kwa ajili yangu na mama watoto. Picha safi: mlango wa njumu, kitanda cha nguzo nne, chandarua cheupe pe. Tumeshuka bandarini Malindi, hata kijasho cha boti hakijakauka, papasi huyo, wale madalali wa wageni: "Kaka, nimetumwa na hoteli nikupokee." Kashika begi, kaingia nalo kichochoroni. Tumezungushwa! Msikiti ule ule mara mbili, duka la vinyago lile lile, mama watoto anavua viatu. Tunafika, mlango wa njumu upo kweli, ila wa nyumba ya jirani. Wetu ulikuwa wa bati. Chumba kiko juu kabisa, ngazi zake ukipanda goti linagonga kidevu, maji ya ndoo, dirisha linatazama jenereta la mkahawa wa pili. Saa mbili usiku umeme ukakatika, jenereta likanguruma mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi naambiwa bei niliyoiona ilikuwa ya mtu mmoja, wa pili analipiwa mbali, na wangefurahi wakipata dola. Dola! Mtu wa Temeke nazitoa wapi? Na papasi kasimama mlangoni anasubiri chake.

Kijiweni_Saa12: 😂😂 "wangefurahi wakipata dola"

Bint_Kikwajuni: Pole sana kaka, lakini kosa la gesti moja usitutwishe kisiwa kizima. Mleta mada, nisikilize mimi mwenyeji. Bandarini begi lako usimpe mtu. Akikujia papasi mwambie unakwenda kwa shangazi yako Kikwajuni, na usisimame. Kama pesa ndogo usilale ndani ya Mji Mkongwe. Lala Kikwajuni au Michenzani, ukitoka hapo unatembea tu mpaka Forodhani. Kisha na Forodhani kwenyewe usiende na njaa yako yote, zile bei wamewekewa wageni. Nenda kapunge upepo, utazame watoto wanavyojirusha baharini. Kula kuleee Darajani. Ngome Kongwe unaingia bure. Jumba la Beit-el-Ajaib liliporomoka upande Desemba 2020, hilo litazame kwa nje. Pesa ya kiingilio iweke kwa kanisa la Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Urojo ule jioni, bakuli liwe na kachori na bajia, mishkaki juu, chipsi za muhogo zivunjwe juu yake, ndimu usione choyo.

Mwana_Kaole: Urojo hata Kariakoo upo.

Bint_Kikwajuni: Ule uji wa ngano uliotiwa manjano? Haya.

Kisauni_Damu: Nyinyi mwasahau Mombasa kwani haina historia? Fort Jesus yajengwa tangu 1593. Basi la Dar lapita Tanga, Horohoro, washuka Likoni, feri kwa mwenda kwa miguu ni bure. Asubuhi mahamri kwa mbaazi, jioni viazi karai pale Mji wa Kale, na hapana papasi wa kukushika begi.

Fundi_Saa: Na pasi ya kusafiria? Na siku nzima kwenye basi kwenda, nyingine kurudi? Huyu ana laki tatu na nusu, na mpaka sasa hajasema anakwenda lini.

Mchele_wa_Rufiji: Naona Kilwa mmeiruka. Magari yako Mbagala Rangi Tatu, unapitia Nangurukuru mpaka Kilwa Masoko, unachukua kibali, unavuka kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani kwenye magofu. Msikiti Mkuu una nguzo na makuba ambayo hata hao wa Mji Mkongwe hawana, na kasri la Husuni Kubwa unaweza kuizunguka peke yako na mbuzi. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, Mji Mkongwe mnaouimba haujajengwa bado. Ubaya wake usiku hakuna pa kwenda. Na kama ni masika ulizia barabara kwanza, 2024 mvua ziliikata pale Somanga watu wakalala njiani.

Mpangaji_Tabata: Asanteni nyote. Ni sikukuu ya Nane Nane. Niko na mchumba wangu.

Fundi_Saa: Hatimaye! Sasa ushauri wote wa juu uanze upya. Agosti ndiyo wazungu wamejaa Unguja, vyumba vimepanda. Na kusi linavuma, kama mchumba hajazoea boti mtafutie limao na mfuko.

Baba_Shufaa: Na gesti nyingine kule wanaulizia cheti cha ndoa. Usije ukasema hukuambiwa.

Bint_Kikwajuni: Si zote. Lakini wakiuliza wana haki, ndiyo desturi ya kwetu. Chukueni vyumba viwili.

Kijiweni_Saa12: Vyumba viwili kwa laki tatu na nusu? Muoe kwanza ndugu, ni nafuu.

Mwana_Kaole: Bagamoyo hawakuulizi kitu.

Kaskazi77: Si kweli, na Bagamoyo wapo wanaouliza. Inategemea mwenye nyumba.

Mpangaji_Tabata: Nimemsomesha uzi mzima. Kilwa hataki, anasema hakwenda mapumziko kukaa na mbuzi. Mombasa hana pasi. Sasa ameshikilia urojo, ila boti anaiogopa.

Mwana_Kaole: Si nimesema Kariakoo upo?

Bint_Kikwajuni: Wewe usirudie tena hilo neno.

Mchele_wa_Rufiji: Wale mbuzi ni wapole.

Kisauni_Damu: Hati ya dharura yapatikana Uhamiaji, muulizeni.

Tanga_Raha: Habari za jioni, ndio naingia. Mbona Pangani haikutajwa?