Uzi wa uzoefu: Ulipoomba kusoma sheria ulikwama wapi, na ulitokaje?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nafungua uzi huu nikiwa na kidonda ambacho hakijapona. Mwaka jana niliomba kuingia shule ya sheria. Matokeo yangu yalikuwa mazuri, barua ya kujieleza niliiandika upya mara 11, na nyaraka zangu zote zilikuwa kwenye faili moja. Sikukataliwa. Maombi yangu hayakusomwa kabisa, maana barua moja ya mapendekezo haikufika. Mwalimu alikuwa ameniahidi nami nikamwamini, kisha nikaona haya kumkumbusha mtu mzima ninayemheshimu. Siku 3 baada ya dirisha kufungwa akaniandikia: "Samahani kijana wangu, nilidhani ni mwezi ujao."

Simlaumu. Nilimwomba akiwa koridoni anakimbilia kipindi, na sikumwachia hata kipande cha karatasi chenye tarehe.

Sasa naomba tena. Ushauri mwingi ninaokutana nao unazungumzia alama tu, na mimi nina ushahidi kwamba mtu anaweza kuwa na alama na bado akabaki nje. Naomba kila mmoja aeleze kitu kimoja kilichomkwamisha na alivyojinasua. Waliokataliwa waje pia, hao nawahitaji zaidi. Majina ya watu na vyuo vilivyotuumiza tuyaache.

Hoja Kwanza

Pole sana, mkuu. Mimi niliomba Marekani. Kule sheria huianzi ukitoka sekondari. Unamaliza kwanza shahada nyingine, yoyote ile, ndipo unaomba JD, yaani shahada ya sheria ya kule, ambayo ni miaka 3. Vyuo vingi vinataka LSAT, mtihani wa kuingia shule ya sheria, ambao alama zake zinaanzia 120 na kuishia 180. Siku hizi vipo vinavyopokea pia GRE, mtihani wa jumla wa kuomba masomo ya juu.

Kosa langu lilikuwa kuujia LSAT kwa mazoea ya kukariri. Mtihani ule haukuulizi sheria hata moja. Unakupa hoja fupi na kukuuliza imepasukia wapi, au ni taarifa gani ingeiangusha. Nilipiga msuli miezi 4, pastipepa moja baada ya nyingine, na alama zikaganda palepale. Nilikuwa nahesabu karatasi nilizomaliza, si makosa niliyoyaelewa.

Kilichonitoa ni daftari. Kila swali nililokosa niliandika sentensi moja: kwa nini jibu lile baya lilinivutia. Kwa nini jibu sahihi ni sahihi, hilo limeshaelezwa kwenye vitabu. Nilitaka kujua mimi nilishikwa na nini. Baada ya wiki 2 nikajisoma na kuona nina ugonjwa mmoja: nachagua jibu ninalokubaliana nalo maishani badala ya lile linalotokana na maneno yaliyo mbele yangu. Mfano, hoja inasema wizi umepungua tangu taa ziwekwe barabarani, kwa hiyo taa ndizo zimeupunguza. Unaulizwa ni kipi kinaidhoofisha. Mimi nilikuwa nakimbilia jibu linalosema taa zina gharama kubwa, kwa sababu ni kweli zina gharama. Lakini gharama haigusi hoja. Kinachoigusa ni jibu linalosema mwezi uleule doria ziliongezwa mara mbili. Nilipoliona hilo, alama zilianza kupanda ndani ya mwezi.

Angalizo kwa wanaotumia vitabu vya zamani: ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na viti iliondolewa Agosti 2024. Sasa kuna sehemu 2 za kuchambua hoja na 1 ya ufahamu, na nyingine 1 isiyohesabiwa ambayo huwezi kuitambua, kila moja dakika 35. Mabadiliko hayo chanzo chake ni kesi ya waombaji wasioona, ambao wasingeweza kuchora michoro ambayo mafumbo yale yaliihitaji. Pande mbili zilipatana mwaka 2019. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mtu amezuiwa mlangoni mwa sheria, akaitumia sheria ileile, mlango ukabadilishwa.

Jambo la mwisho, jibu baya halikatwi alama. Usiache swali wazi.

Binti wa Dibaji

Kaka Hoja Kwanza, wewe ulikuwa na nafasi ya kurisiti. Mimi niliomba Uingereza, ambako sheria unaweza kuianza kama shahada ya kwanza, na baadhi ya vyuo vinataka LNAT, mtihani wao wa kuingia kusoma sheria. Huo kwa msimu mmoja wa maombi unafanya mara moja tu. Maswali 42 ya kuchagua kwa dakika 95, kisha insha ya dakika 40.

Insha ndiyo iliyoniponza. Nilifundishwa tangu shuleni kutaja faida, kutaja hasara, halafu kumalizia kwamba kila upande una ukweli wake. Nikaandika hivyohivyo. Mwaka uliofuata nikachagua upande tangu aya ya kwanza, nikaichukua hoja kali kuliko zote ya wanaonipinga, nikaijibu. Nilipata nafasi.

Na barua ya kujieleza ya UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya Uingereza, wadogo zangu, ni moja kwa vyuo vyote 5 unavyoomba, kwa hiyo ukikisifia chuo kimoja wanne wengine wanasoma sifa zisizo zao. Nafasi ni herufi 4,000, pamoja na zile nafasi tupu katikati ya maneno. Kwa wanaoingia kuanzia 2026 imegawanywa katika maswali 3, lakini ukomo ni uleule. Yangu ya kwanza ilianza na "Tangu utotoni nimechukia dhuluma." Nani asiyeichukia?

Mama Wawili

Nimesoma hadi hapa nikaona nami niseme, maana yangu ni tofauti kidogo.

Mwaka wa pili chuoni mama yangu aliugua. Nilikuwa nashinda wodini naye, nasomea kwenye benchi. Nilikula sapu 3, na alama za mwaka ule zinatia huruma. Nilipokuja kuomba sheria, barua yangu yote ya kujieleza ikawa ni maelezo ya mwaka ule. Kurasa 2 za machozi. Yalikuwa ya kweli kabisa, na vyuo vyote vilinikataa.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja aliyewahi kukaa kwenye kamati ya udahili. Aliisoma akanirudishia, akasema: "Nimekuonea huruma, lakini sijakufahamu." Maneno hayo yaliniuma wiki nzima. Kisha nikaelewa. Nilikuwa nimemweleza msomaji kilichonipata, sikumweleza mimi ni nani.

Mara ya pili nilitenganisha. Maelezo ya alama yakawa karatasi yake ya pembeni, sentensi 6 tu: lini, nini kilitokea, kiliisha lini, na alama zangu baada ya hapo zilikuwaje. Sikuomba radhi wala sikuomba kuonewa huruma. Barua ya kujieleza nikaiacha iwe ya kazi yangu.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu hospitalini, na moja ya kazi zangu ilikuwa kuwasomea wagonjwa fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji. Siku moja nilimsomea mzee mmoja hadi mwisho, nikampa kalamu. Akaishika kalamu, akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini: "Binti, nikikataa kusaini, mtanifukuza?" Nilikuwa nimeshasoma fomu ile kwa mamia ya watu. Wangapi walisaini wakiogopa kufukuzwa? Kuanzia siku ile nikawa naanza kwa kusema, "Mzee, una haki ya kukataa, na ukikataa utaendelea kutibiwa," ndipo nasoma. Wawili watatu walikataa, na daktari mmoja alinilalamikia. Hapo ndipo nilipoanza kutaka kuijua sheria, na ndicho nilichoandika. Neno haki lilionekana mara moja tu katika barua nzima.

Nilipata vyuo 2. Mama yupo, anaendelea vizuri.

Subira

Mama Wawili, umeniliza.

Langu ni fupi. Majina. Cheti changu cha sekondari kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na pasipoti wameandika la kati kwa herufi tofauti. Kwa wanaoomba Marekani, transkripti hupitia LSAC, taasisi inayosimamia LSAT na maombi ya shule za sheria, na hutakiwi kuituma wewe, chuo chenyewe ndicho kinatuma moja kwa moja. Zangu zilifika na zikakaa, hazikujulikana ni za nani. Ilibidi nile kiapo cha majina, kisha nikaanza upya. Kagueni majina leo, kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa barua.

Mwomba Radhi

Nimefikiria sana kama niandike hili.

Mwaka wa kwanza nilinakili kazi ya mwenzangu. Nilisimamishwa muhula mmoja. Fomu za shule ya sheria zina swali linalouliza waziwazi kama umewahi kuadhibiwa kinidhamu. Rafiki zangu wakaniambia nijaze hapana, nani atafukua. Nilikaa na swali lile usiku kucha. Kilichoniamulia ni kujua kwamba huko mbele, ukiomba uwakili, unaulizwa tena, na wanaweza kulinganisha na ulichojaza mwanzo. Kosa la mwaka wa kwanza lingekuwa la kijana mmoja mjinga. Uongo wa kwenye fomu ungekuwa wa mtu anayetaka kula kiapo cha uwakili.

Nikajaza ndiyo. Nikaeleza nilichofanya kwa jina lake, wizi, bila kusema "nilijikuta". Vyuo 4 vilikataa na sijui kama ni kwa sababu hiyo. Kimoja kilinichukua. Ninalala vizuri.

Binti wa Dibaji

Mwomba Radhi, asante kwa kuandika. Kuna mtu anasoma kimyakimya na alikuwa anasubiri hili.

Bado Nipo

Mimi nimekataliwa mara 3, na mara moja niliwekwa orodha ya kusubiri. Pale kwenye kusubiri ndipo nilipokosea: nilinyamaza miezi 2 nikidhani kuuliza ni usumbufu. Kama chuo kinaruhusu, andika barua fupi: bado unakitaka, na hiki ndicho kipya tangu ulipoomba. Wasipotaka barua za ziada, watii. Sasa nafanya kazi ofisi ya msaada wa kisheria, na msimu huu naomba mara ya 4. Sina hadithi ya ushindi ya kuwapa bado.

Mama Wawili

Bado Nipo, tuko pamoja. Ukihitaji mtu wa kuisoma barua yako, nipo.

Na mleta uzi, kuhusu mwalimu: usimwombe koridoni tena. Mpe karatasi moja yenye tarehe ya mwisho juu kabisa, jina la chuo, mahali pa kutuma, na mambo mawili matatu ambayo yeye mwenyewe aliyaona kwako darasani. Mpe angalau wiki 6. Halafu muulize hivi: "Mwalimu, unaona unaweza kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisita, mshukuru, tafuta mwingine. Na kumkumbusha si utovu wa adabu, mwanangu. Ana wanafunzi wengi.

Mleta uzi

Nimesoma yote mara mbili. Mama Wawili, shikamoo, na asante.

Leo asubuhi nimemwandikia mwalimu yuleyule. Nilitaka kumkimbia, lakini ndiye anayenifahamu. Karatasi moja, tarehe juu, wiki 7 kabla. Amejibu baada ya saa moja. Anauliza kama bado ninayo ile insha ya muhula wa pili niliyobishana naye, maana hiyo ndiyo anataka kuizungumzia. Nipo hapa nafukua makabati.