Kikundi cha familia: Nana yuko hospitali

*Asha:* Asalaam aleikum nyote. Nana tumemleta hospitali hapa Malindi. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, imeonyesha mshtuko wa moyo, tena ule mkubwa, mshipa umeziba kabisa.

*Ami Athmani:* Waaleikum salaam. Subhanallah! Jana magharibi nilikuwa naye barazani. Alilalamika kifua?

*Asha:* Hata kidogo, Ami. Ameswali alfajiri, akakaa kukuna nazi ya mbaazi, mara akainuka kwenye mbuzi, akasema amechoka na moyo wamchafuka. Jasho likamtoka mpaka leso ikarowa.

*Shee:* Wazee ndivyo, na zaidi wenye sukari. Kifua huenda kisiume kabisa. Utaona pumzi zinambana, au anaongea yasiyoeleweka.

*Khalati Mariamu:* Wamempa nini?

*Asha:* Aspirini 300 mg, akaitafuna palepale. Halafu tenecteplase, ya kuyeyusha damu iliyoganda. Wamempa nusu dozi kwa sababu amepita miaka 75, wanaogopa damu isivuje kwenye ubongo. Waliuliza kwanza kama amewahi kupata kiharusi.

*Ami Athmani:* Si wangemkimbiza Mombasa moja kwa moja?

*Shee:* Kuzibua mshipa kwa waya ndiko bora, Ami, lakini iwe ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Kutoka Malindi ni kama kilomita 120, bado hujangoja ambulansi, bado foleni ya Mtwapa. Ndiyo maana dawa hutangulia. Mshipa ukifunguka, ataangaliwa mishipa Mombasa kati ya saa 2 na 24 baada ya dawa.

*Ami Athmani:* Mama ana miaka 82. Mimi naona tusimtese. Arudi nyumbani, tumsomee Yasini.

*Shee:* Yasini tutasoma, Ami wangu, lakini umri peke yake usimnyime matibabu. Ni kweli wazee hufa zaidi. Presha ikiporomoka na mikono ikawa baridi, hata kwenye hospitali kubwa za Ulaya karibu nusu hawaponi. Nana hajafika huko. Jumamosi si alikwenda sokoni kwa miguu yake? Norway walichapisha utafiti 2016 wa watu wa miaka 80 na zaidi. Mshtuko wao ulikuwa wa aina nyengine, mdogo kuliko huu, na vifo havikutofautiana sana, lakini waliopelekwa kuangaliwa mishipa walipata mishtuko mipya michache kuliko waliotibiwa kwa dawa tupu. Mimi ningeuliza figo zake kwanza, ile dawa ya rangi wanayochoma ili mishipa ionekane huzichosha.

*Asha:* Figo wamepima, daktari ameridhika. Presha imesimama 118. Na Nana mwenyewe nimemuuliza. Asema, “Nipelekeni, lakini mashine ya kupumulia sitaki.” Daktari ameandika kwenye faili.

*Ami Athmani:* Kama ni neno lake, basi. Nitafuata ambulansi na gari. Karatasi za SHA, za bima ya afya, anazo nani?

*Khalati Mariamu:* Ninazo mimi, naja nazo.

*Asha:* Khalati, beba na dawa zake za sukari na presha, na pakiti zake. Ambulansi yaondoka saa tano.