Njia Nyeupe haionekani hata nje ya mji, tatizo nini?

Swali: Wakuu, natafuta Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota unaokatiza anga usiku, lakini kilomita 40 nje ya mji anga bado ni la kijivu. Niende mbali zaidi au kuna kingine?

Jibu 1: Angalia mwezi kwanza. Mwezi mpevu hufuta nyota hafifu hata katikati ya jangwa. Nenda siku 3 au 4 kabla au baada ya mwezi kuandama. Halafu upe mji mgongo, maana vumbi na unyevu wa upande ule hubeba mwanga wake.

Jibu 2: Na macho je? Yanataka dakika 20 hadi 30 gizani. Ukiwasha simu kidogo tu, unaanza upya, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tumia tochi hafifu yenye mwanga mwekundu. Nyota hafifu usiikodolee; tazama pembeni yake kidogo, kwani katikati ya jicho hakuna seli za kuonea gizani.

Jibu 3: Kipimo rahisi ni wingu. Kwenye giza la kweli hupita jeusi tii, kama shimo kati ya nyota. Likiwa na weupe chini yake, mwanga wa mji bado unalifikia, songa mbele.